Fundi wa Sare na Shule Isiyo na Sare: Maisha ya Ruphin Mulenda

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2019, alikuwa mtu wa kushuku. Familia imeona ni heri iseme hivyo mapema, kwa sababu wengi wenu alishawahi kuwashuku, na baadhi yenu mmekuja mmevaa nguo alizozishona huku akiwashuku. Ruphin Mulenda Kasele alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Kalemie, mtoto wa pili wa Mzee Donatien Kasele, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na Mama Euphrasie Kyoni. Mama yake alizoea kusimulia kwamba siku alipoachishwa ziwa na kuletewa uji, mtoto aliunusa kwanza, akamtazama mama yake usoni, ndipo akala.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa Kalemie, na mwaka 1982 akapelekwa Lubumbashi kwa mjomba wake, amalizie sekondari. Huko kulikuwa kumefunguliwa shule mpya yenye lango la buluu na mkurugenzi mwenye tai, aliyezungumza vizuri sana. Ruphin alisoma hapo miaka mitatu, na wengi waliosoma naye walimkumbuka kama kijana mwepesi wa hesabu. Mwezi Juni 1985, walipokwenda kufanya mtihani wa taifa, majina yao hayakuwamo. Jina la shule yenyewe halikuwamo. Haikuwa imeandikishwa mahali popote. Mkurugenzi aliwaambia wanafunzi wamsubiri pale langoni, anakwenda wizarani kurekebisha. Walimsubiri. Kufikia jioni wengine walikuwa wameondoka, na Ruphin alikuwa bado ameketi kwenye ngazi, na kalamu mbili mfukoni. Mtu yule hakurudi siku ile wala siku nyingine yoyote. Ruphin hakupata diploma maishani mwake, na hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Lakini tangu hapo, kila kilichong'aa kwa nje alitaka kwanza kukiona kwa ndani.

Ndivyo alivyokuwa hata kazini. Alijifunza ushoni kwa fundi mmoja wa Katuba, hukohuko Lubumbashi, na alipokuwa fundi mwenyewe hakupokea nguo bila kuigeuza ndani nje na kupitisha kidole kwenye mishono. Aliwasili Johannesburg akiwa mkimbizi, mwezi Agosti 2003. Alipanga chumba Berea na wanaume wengine wanne, akalinda magari ya watu kwa miaka mitatu, na mwaka 2006 akapata cherehani na kibanda katika mtaa wa Rockey, Yeoville. Kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Alizishonea shule kumi na moja, na mtoto akipita mbali barabarani alimtambua kwa kola tu: huyu wa shule fulani, na kola hii si mimi niliyeishona. Mwezi Mei 2008, watu walipokuwa wakiwinda wageni, alifunga kibanda siku tisa na kuzificha sare za watoto wa wenyeji chini ya kitanda chake. Alipofungua, hakuna hata sketi moja iliyopungua.

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa mjini Lubumbashi na Bi Brigitte Ngoie, msusi. Mama Brigitte husema kwamba uchumba wao ulianza kwa wiki tatu za maswali: anatoka wapi, shangazi yake anafanya kazi gani, kwa nini anacheka kabla kichekesho hakijaisha. "Nilizani ni polisi," husema. "Siku aliponyamaza nikajua amekubali." Mungu aliwajalia watoto watatu: Exaucé aliyezaliwa mwaka 1999, Falonne aliyezaliwa tarehe 6 Juni 2001, na Murielle aliyezaliwa hapa Johannesburg mwaka 2009, familia ilipokuwa imeshamfuata.

Maisha ya marehemu katika miaka yake minne ya mwisho hayawezi kusimuliwa bila kuitaja shule ya Falonne, kwa kuwa hakuna kitu alichokishuku zaidi, wala hakuna mahali alipokanyaga mara nyingi zaidi.

Mwaka 2015 Falonne alikuwa amenyamaza. Katika shule aliyokuwa akisoma aliketi nyuma, hakuinua mkono, na taarifa yake ilisema tu kwamba hana usumbufu. Mteja mmoja wa saluni akamwambia Mama Brigitte habari za sekondari ndogo iliyofunguliwa upande wa Doornfontein, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha viatu. Iliendeshwa na wakfu kwa mkataba na serikali. Haikuwa na kengele. Haikuwa na sare. Mwanafunzi alichagua swali lake mwenyewe, akalifuatilia muhula mzima hadi mitaani, na hesabu, sayansi na lugha akajifunza kwa kadiri swali lilivyomdai. Walimu hawakuitwa walimu bali washauri, na watoto waliwaita kwa majina yao. Shule iliitwa Buza.

Mzee Ruphin alilisikia jina hilo akiwa kibandani, na jirani yake Khatibu, muuza ndala kutoka Tanga, alikuwepo.

"Shule inaitwa Uza?" Khatibu aliuliza. "Basi imejitaja yenyewe, Bwana Ruphin. Hao wanauza watoto."

"Hapana. Kuuza ni kununua. Pale watu wananunua diploma."

"Kuuza kuwe kununua? Tangu lini?"

"Kwetu njo vile. Ukitaka kusema mtu anatoa kitu apewe franga, unasema anauzisha."

"Nyinyi Wakongo lugha mmeigeuza ndani nje kama suruali ya kutiwa kiraka."

"Na nyinyi mliivaa bila kuangalia mishono."

Walibishana hivyo mchana kutwa, mmoja akiamini mtoto atauzwa, mwingine akiamini cheti kitanunuliwa. Murielle, aliyekuwa na miaka sita na ambaye Kizulu alikuwa akikicheza barabarani na wenzake, aliinua kichwa kutoka kwenye vitambaa na kusema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Papa, buza si kuuza. Buza ni kuuliza."

Mzee Ruphin aliweka mkasi mezani. "Shule ya Kuuliza," akasema. "Sawa. Basi na mimi nitaiuliza."

Januari 2016 alikwenda. Mshauri aliyempokea alikuwa mwanamke kijana wa Soweto, jina lake Refilwe. Mzee alimwuliza kengele iko wapi, ratiba iko wapi, nani anamwadhibu mtoto aliyechagua swali la kijinga. Refilwe alimjibu kwamba swali la kijinga humchosha aliyelichagua, naye huliacha. Jibu hilo halikumridhisha hata kidogo. Mkurugenzi wa Lubumbashi naye alikuwa na majibu mazuri. Lakini Mama Brigitte alikuwa ameshaamua, na Falonne, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alikuwa ameomba kitu kwa sauti. Mzee aliweka sahihi. Jioni ile alimwambia mkewe, "Nimetia sahihi, sijatia moyo."

Mwezi Machi alifunga kibanda asubuhi nne mfululizo na kusimama ng'ambo ya barabara, kwenye spaza moja, kiduka cha dirishani, akinunua chai asiyoinywa na kuandika kwenye daftari la vipimo nani ameingia, nani ametoka. Siku ya nne, saa nne asubuhi, wakati watoto wa nchi nzima wamo madarasani, alimwona Falonne akitoka na wasichana wawili. Aliwafuata kwa miguu. Walivuka kwenye robot, taa za barabarani, wakapanda Berea, wakafika kwenye jengo la zamani la ghorofa, na mlango wa chini kabisa, ule wa kushukia gizani, ukafunguliwa na mwanamume mwenye mvi. Wasichana wakaingia. Mlango ukafungwa.

Mzee Ruphin alikuwa na rula yake ya mbao ya kupimia, ile ndefu. Aliusukuma mlango kwa bega.

Ndani kulikuwa na tochi tatu. Refilwe aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiandika. Mwanamume mwenye mvi alikuwa Jumbe, fundi wa lifti kutoka Unguja, ambaye leo yumo kati yetu. Na juu ya ngazi, kichwa kikiwa ndani ya mtambo, alikuwa Falonne.

"Wewe nani?" Jumbe aliuliza.

"Baba yake."

"Na hiyo rula?"

"Ya kupimia."

"Utapima nini humu gizani, mzee mwenzangu?"

Falonne alichungulia kutoka juu. "Papa, umenifuata?"

"Nilikuwa napita."

"Chini ya jengo?"

Tochi ilikuwa imemwangazia binti yake, na jicho la Mzee, jicho la fundi wa nguo, lilikuwa limeona jambo lingine. "Nani alishona hiyo ovaroli?" akauliza. "Kwapa liko kiunoni. Siku moja mtambo utaikamata."

Hivyo ndivyo alivyolijua swali la binti yake: kwa nini lifti ya jengo lao haijatembea tangu mwaka 2011, na mama yake anapanda ghorofa nane na mizigo kichwani? Falonne alikuwa ameanza na lifti zinazotembea ili aielewe isiyotembea. Mzee alirudi kibandani, na baada ya siku mbili Falonne alikuta ovaroli mpya juu ya kitanda chake, ya kitambaa kizito, yenye kwapa mahali pake. Lifti ya jengo lao, tuseme ukweli, haijatembea hadi leo; mwenye jengo hataki. Lakini Falonne anaweza kuwaambia kila kinachoizuia, kwa hesabu na kwa mchoro.

Mtu angedhani shaka iliishia hapo. Haikuishia. Marehemu alisema kwamba mtoto anaweza kujifunza kweli ndani ya shule ya uongo. Yeye mwenyewe alijifunza hesabu nzuri kabisa nyuma ya lango la buluu. Jambo lililomkosesha raha lilikuwa moja tu, na alilirudia mezani, kibandani na kanisani: mwisho wa yote, mtihani wa serikali utalitambua jina la binti yake, au naye ataachwa ameketi kwenye ngazi?

Mwezi Juni 2017 barua ilifika ikisema kwamba wanafunzi watatetea kazi zao mbele ya wazazi. Mama Brigitte aliisoma, akapiga simu. Sasa, kwetu Kongo mtu anayetetea ni mtu anayemaliza chuo kikuu, na aliyefaulu humwagiwa poda kichwani barabarani, majirani wote wajue. Ijumaa tarehe 23 Juni, shangazi na wajomba walishuka kutoka Rosettenville wamevaa vitenge vya namna moja, wakiongozwa na Tantine Georgette, dada yake Mama Brigitte, kila mmoja na kopo la poda ya watoto mkobani. Falonne alikuwa darasa la kumi. Kabla hajamaliza kusema "asanteni kwa kuja," alikuwa mweupe, na Refilwe alikuwa mweupe, na mshauri mmoja wa sayansi alikuwa akipiga chafya dirishani.

"Tantine, bado sijamaliza shule," Falonne alisema.

"Hakuna neno," alisema Tantine Georgette. "Utakapomaliza tutaongeza."

Katikati ya vicheko hivyo Mzee Ruphin aliketi mstari wa mbele, poda mabegani, na kuinua mkono. Aliuliza maswali kumi na moja. Aliuliza kamba ya lifti ikikatika kitu gani kinazuia chumba kisianguke, na Falonne akageuka ubaoni akachora, akaeleza, sauti yake ikafika hadi nyuma ya ukumbi. Kisha Mzee akauliza la kumi na moja, na hilo hakumwuliza Falonne.

"Jina la shule hii limo kwenye orodha ya serikali?"

Refilwe alitoka, akarudi na karatasi yenye muhuri. Mzee aliielekeza kwenye mwanga. Akaigeuza nyuma. "Karatasi ni karatasi," akasema, na wiki iliyofuata akaenda mwenyewe katika ofisi ya elimu, akapanga foleni siku mbili, hadi akaonyeshwa namba ya shule ndani ya kompyuta. Aliinakili. Mwaka 2018 alirudi tena kuangalia kama bado ipo.

Mwezi Februari 2019 alianza kulalamika mgongo, na macho yakawa ya manjano. Madaktari waligundua saratani ya ini, ikiwa imeshakwenda mbali. Aliwashuku nao; aliomba picha ya tumbo lake ageuziwe, aione kwa upande wa pili. Kufikia Julai hakuweza tena kukanyaga cherehani, na Exaucé akakishika kibanda. Mzee alilala chumbani Berea, akiletewa kila sare kabla haijakabidhiwa, aipitishie kidole.

Mwezi Agosti Falonne aliletewa nakala ya karatasi ya kuandikishwa kwa mtihani wa matriki, ule wa kumaliza sekondari. Alikuwa ameshaisaini. Refilwe alikuwa ameshaisaini. Ilikuwa imebaki kupelekwa tu. Mzee aliomba aione.

Aliisoma kwa muda mrefu, mstari mmoja mmoja, kidole kikitembea. Kisha akasema, "Leta kibali chako."

"Papa, tumeshaangalia."

"Leta."

Alivilaza viwili hivyo kifuani pake, kibali cha ukimbizi na karatasi ya mtihani. Kwenye karatasi jina lilikuwa na n moja, na mwezi wa kuzaliwa ulikuwa Julai. Kwa mtoto wa mwenyeji pengine hilo ni kosa dogo la kuchekwa. Kwa mtoto wetu, ambaye kila dirisha la ofisi humlinganisha na kibali chake herufi kwa herufi, lingekuwa cheti kinachomhusu mtu asiyekuwepo.

Refilwe alikuja kesho yake, akapanda ghorofa nane. Alisimama mlangoni akihema, na hakuketi.

"Nilichapa mimi, Mzee Ruphin," alisema kwa Kiingereza, na Falonne akatafsiri. "Hakuna mwingine. Kosa ni langu."

Mzee alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akitazama pindo. "Kwa hiyo umerudi," akasema.

Refilwe hakumwelewa, na Falonne pia hakujua atafsiri vipi. Mama Brigitte, aliyekuwa amesimama na kikombe cha dawa, ndiye peke yake aliyeelewa, kwa kuwa alijua habari za yule ambaye hakurudi langoni, akageuka ukutani.

Karatasi iliyorekebishwa ilifika tarehe 27 Septemba. Marehemu aliisoma mara tatu, akaiomba ya nne, akairudisha. Wiki iliyofuata, akiwa hospitali, aliwaita wakubwa wa familia na kusema akifa kabla ya tarehe ishirini na tatu Oktoba, wamzike kabla ya siku hiyo, na Falonne asiketishwe matangani.

Tantine Georgette alikataa. "Shemeji, mtoto asipokaa matanga ya baba yake, watu watasemaje?"

"Watasema wakiwa wamekaa. Matanga yangu mtakaa nyinyi. Yeye akae kwenye dawati."

"Kwa hiyo sasa unaiamini ile shule?"

"Sijasema hivyo. Nimesema mtihani ni tarehe ishirini na tatu."

Ruphin Mulenda Kasele alifariki Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2019, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Brigitte Ngoie, watoto watatu, Exaucé, Falonne na Murielle, mama yake mzazi, Mama Euphrasie Kyoni, aliyeko Kalemie na ambaye leo anasikiliza kwa simu, ndugu wanne, shemeji, wapwa na wajukuu wa ukoo wa Kasele, rafiki zake Khatibu na Jumbe, pamoja na watoto wa shule kumi na moja wanaovaa kazi ya mikono yake.

Familia inawashukuru wote waliochangia na wote watakaoketi nasi matangani Berea kuanzia leo jioni. Inawaomba jambo moja. Tukitoka hapa makaburini, Falonne atakwenda kulala kwa Refilwe, na simu yake itazimwa. Mtu asimfuate huko na pole zake, hata ndugu wa karibu, mpaka mitihani iishe. Karatasi ya kwanza ni Jumatano saa tatu asubuhi, na jina lake limeandikwa sawasawa.

Mungu ampokee Ruphin, amvumilie maswali yake, na ampumzishe kwa amani.